Mikono Safi kwa Gharama ya Nani?



Siku moja baada ya darasa la Kipaimara, kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale. Tulikuwa tumefundishana habari za Amri ya Sita. Akasema, "Padre, tuseme nchi imevamiwa, na Mkristo mmoja akakataa kabisa kuua kwa sababu ya amri hii. Je, si anaishi kwa damu ya wale wasiokataa? Yeye anabaki na mikono safi, nao wanaichafua yao kwa ajili yake." Hakuuliza kwa ubishi, uso wake ulionyesha kuwa jambo hili limemkalia moyoni. Nikamwomba anipe juma moja. Juma moja limekuwa majuma manne, na haya ninayoandika ndiyo jibu langu, ingawa nachelea ataliona ni nusu ya jibu.

Nimeamua kulijibu kwa habari za mtu mmoja. Baadhi yenu mtashangaa, maana mtu huyo si mtakatifu wa kalenda yetu, wala si mwalimu wa theolojia. Alikuwa mcheza sinema wa Marekani, jina lake Lew Ayres. Watu wa kanisa hatukuzoea kuwatafuta walimu wa dhamiri huko Hollywood, na pengine tuna sababu. Huyu naye ndoa zake mbili za kwanza zilivunjika. Mke wake wa pili, Ginger Rogers, alikuwa na sifa kuliko yeye. Tena kazi yenyewe ni kazi ya kujifanya. Waliosoma Kiyunani hutuambia kwamba neno lile ambalo katika Injili tunalisoma "wanafiki" lilikuwa kwanza jina la wachezaji wa michezo ya kuigiza, watu waliosimama mbele ya wenzao na kusema maneno yasiyo yao. Basi na tuanzie hapo penye shaka.

Ayres alizaliwa Minneapolis mwaka 1908. Alipiga banjo na gita katika bendi kabla ya kuingia katika sinema. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 21, alitokea kama mhusika mkuu wa filamu iitwayo All Quiet on the Western Front, iliyotokana na kitabu cha Mjerumani Erich Maria Remarque, aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya kwanza. Ayres alicheza kama Paul Bäumer, mwanafunzi ambaye mwalimu wake aliwashawishi darasa zima wajiandikishe jeshini. Mahali pamoja Paul amejificha ndani ya shimo lililochimbwa na kombora, na askari wa Kifaransa anaanguka humo. Paul anamchoma. Mfaransa hafi upesi. Wanakaa shimoni pamoja, na Paul anampa maji, anamsihi asife. Na alipokwisha kufa anamwomba msamaha, anatoa katika karatasi zake picha ya mke na mtoto, anaahidi kwamba atawaandikia. Aliyecheza kama Mfaransa huyo, Raymond Griffith, alikuwa ameharibikiwa na sauti tangu utoto, basi hasemi neno. Anatazama tu.

Filamu hiyo ilipewa tuzo kubwa kuliko zote za sinema Marekani. Ilipoonyeshwa Berlin mwezi Desemba 1930, wafuasi wa Hitler, wakiongozwa na Goebbels, waliingia katika jumba la sinema wakaachilia panya weupe na mabomu ya uvundo, na siku chache baadaye serikali ikaipiga marufuku. Mwaka uleule wa 1930 maaskofu wetu walikuwa wamekutana Lambeth, wakatamka kwamba vita, kama njia ya kumaliza magomvi ya mataifa, haipatani na mafundisho wala mfano wa Bwana wetu Yesu Kristo. Naweka mambo haya mawili pamoja ili mkumbuke kwamba siku zile kuchukia vita hakukuwa jambo la ajabu. Watu wengi walisema hivyo, maaskofu na wacheza sinema, tena kwa moyo kabisa. Vita ilikuwa imekwisha miaka kumi na miwili nyuma, na maneno hayo hayakumgharimu mtu kitu.

Wengi wamesema kwamba ni filamu hiyo iliyomgeuza Ayres. Mimi sidhani kwamba jambo lilikuwa rahisi hivyo. Si wote waliochezea filamu ile waliokuja kukataa bunduki, wala si wote walioitazama. Kama kuigiza wema kungetosha kumfanya mtu kuwa mwema, basi kila mwaka tungepata wachungaji na mamajusi wapya kutoka katika mchezo wetu wa Krismasi, na mnajua wenyewe jinsi watoto wale wanavyogombania soda mara wanapovua shuka! Lakini siamini pia kwamba kuigiza hakuachi alama. Mtu aliyelazimika siku baada ya siku kumwomba maiti msamaha, hata maiti wa uongo, amepata angalau nafasi ya kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Baada ya hapo ni juu yake.

Kuanzia mwaka 1938 kampuni ya MGM ilimweka katika filamu za daktari kijana aitwaye Kildare. Alicheza filamu tisa za namna hiyo, na watu walimpenda sana. Ndipo vita ya pili ikaja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1940 ya kuwaandikisha vijana jeshini ilikuwa na kifungu kwa ajili ya wale ambao dini yao iliwakataza kupigana. Waliokuwa tayari kuvaa sare bila kushika silaha waliwekwa daraja la 1-A-O. Waliokataa jeshi kabisa waliwekwa daraja la 4-E, wakapelekwa makambini kukata miti, kuzima moto wa misitu, au kutumika hospitalini, bila mshahara wa serikali. Karibu watu 12,000 walipitia makambi hayo, na wengine wapatao 6,000 walifungwa gerezani.

Hapa nawaomba msome polepole, maana jibu langu kwa kijana yule limelala katika jambo hili dogo. Ayres hakuomba kuachwa nyumbani. Aliomba aingie jeshini kama mhudumu wa majeruhi, na hapo tu. Jeshi likamwambia kwamba halimwahidi askari yeyote mahali pa kuwekwa. Akikubali kuingia, atakwenda atakakopelekwa. Naye akaona kwamba akikubali hivyo, huenda akapewa kazi isiyo ya silaha lakini isiyo ya kuokoa pia, kama kupakia risasi au kuhesabu magurudumu ya mizinga. Akakataa. Ndipo akawekwa daraja la 4-E, na mwishoni mwa Machi 1942 akapelekwa kambi ya misitu ya Cascade Locks katika jimbo la Oregon.

Bandari ya Pearl Harbor ilikuwa imeshambuliwa tarehe 7 Desemba, miezi isiyotimia minne nyuma. Tarehe 9 Aprili, Ayres akiwa kambini bado, maelfu ya Wamarekani na Wafilipino walisalimu amri huko Bataan. Basi msistaajabu kwamba watu walikasirika. Majumba ya sinema, hasa Chicago, yaliziondoa filamu zake. Kampuni yake ikaitengeneza upya ile filamu iliyokuwa inafuata ili yeye asionekane humo. Magazetini aliitwa mwoga, ingawa wako pia waliomtetea. Mimi siwezi kuwalaumu wote waliomtukana. Mama ambaye mwanawe yuko Bataan, na kila siku anatazama kama barua imekuja, anasoma gazetini kwamba kijana mzuri wa sinema, aliyepata fedha kwa kujifanya askari kisha kwa kujifanya daktari, sasa hataki kupigana. Angesema nini mama huyo? Angesema yaleyale aliyoniambia kijana wetu.

Lakini kelele zile zilifanya kazi moja ambayo wapigaji hawakuitazamia. Watu waliuliza: kwani aliomba nini hasa? Na ilipojulikana kwamba aliomba kwenda mahali penye majeruhi, mambo yakabadilika. Mwezi Mei 1942 aliruhusiwa kuingia jeshini bila silaha, katika idara ya tiba, akatumika mpaka vita ilipokwisha. Alikuwa New Guinea. Alikuwa katika uvamizi wa Leyte mwaka 1944, nchi ileile ya Ufilipino ambamo Bataan imo, na baadaye Luzon, akiwa na wale wanaoweka hospitali karibu na mapigano. Aliwahudumia askari na raia, akawa pia msaidizi wa makasisi wa jeshi. Alipewa nyota tatu za vita. Mshahara wake wa jeshi aliutoa kwa Msalaba Mwekundu. Daktari wa sinema akawa dresa wa kweli, mwenye damu ya kweli mikononi.

Sasa turudi kwa swali letu. Kijana alidhani kwamba anayekataa kuua anataka mikono safi. Yupo mtu wa namna hiyo, wala hatuna haja ya kwenda Marekani kumtafuta: Pilato aliomba maji, akanawa, akarudi kuketi. Hakuitaka dhambi ile, lakini hakutaka pia kusumbuka kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele yake. Ayres aliomba kinyume cha maji. Risasi za Leyte hazikuuliza nani amebeba bunduki na nani amebeba machela. Hatari aliikubali yote kama wenzake; alichokikataa ni tendo moja tu, la kumwua mtu. Mimi naona hiki ni kipimo kizuri cha dhamiri, yetu na ya wengine: tusiulize kwanza mtu amekataa nini, tuulize ameomba apewe nini badala yake. Mwenye kukataa mzigo huu na kuomba mwingine usiopungua uzito, huyo nitamsikiliza. Mwenye kukataa huu na kuomba kiti, nitamwona ni ndugu yake Pilato, hata kama anazisema Amri kwa moyo.

Nilidhani nimemaliza hapo. Lakini nilipoyasoma tena niliyoandika niliona nimejibu swali lililo rahisi na kuliacha lililo gumu. Kwamba Ayres hakuwa mwoga, sawa. Lakini je, kama wote wangekuwa kama yeye? Machela ni nzuri, ila machela haimzuii mvamizi. Wale waliomlinda pale Leyte akifunga bendeji walikuwa na bunduki. Na askari aliyepona, alirudi wapi? Wako waliokataa vita kwa ukali zaidi ambao walisema kuwa kuwatibu askari jeshini ni kuitengeneza mashine ya vita iendelee kuzunguka. Hivyo ukimsikiliza mtu wa kulia, Ayres alifanya machache mno. Ukimsikiliza wa kushoto, alifanya mengi mno.

Tena kuna jambo ambalo sijui kama yeye mwenyewe alilitafakari. Mwaka 1978, alipokuwa mzee wa karibu miaka sabini, alichukua sehemu fupi katika mchezo wa televisheni wa hadithi za anga za juu, Battlestar Galactica. Alicheza kama Rais Adar, mzee mwema aliyetamani amani mpaka akausadiki mkataba wa adui. Mkataba ulikuwa mtego, na siku ya kutia sahihi miji yote ya watu wake ikateketezwa. Mtu aliyekuwa amekataa bunduki alisimama mbele ya kamera akaonyesha, kwa uso wake mwenyewe, hoja iliyo kali kuliko zote dhidi ya watu kama yeye. Labda kwake ilikuwa ajira tu, maana mwigizaji naye anakula. Hata hivyo napenda kufikiri kwamba mtu mwenye dhamiri nzima haogopi kusema maneno ya upande wa pili.

Kanisa letu halikulimaliza jambo hili. Katika zile Kanuni 39 za dini, ya 37 inasema kuwa ni halali kwa Wakristo kushika silaha na kutumika vitani kwa amri ya mtawala. Nimekwisha kuwaambia walivyotamka maaskofu Lambeth mwaka 1930. Tunayo yote mawili katika nyumba moja, kama ndugu wasiosemezana lakini wanaokula sahani moja. Wala sitaki mtu yeyote wa parishi hii afikiri kwamba nawaita wauaji marehemu wazee wetu waliokwenda Burma na K.A.R. katika vita ileile. Walikwenda, wengi wao hawakuulizwa wanapenda au hawapendi, wakatenda walichoamriwa. Na baadhi yao, tuliowajua, waliamka usiku mpaka uzeeni. Labda Mungu huwaita wengine kuubeba upanga kwa huzuni na wengine kuukataa kwa gharama, ili upande huu usiipende vita na upande ule usiupende usafi wake. Nasema labda. Sithubutu kulifanya fundisho.

Vita ilipokwisha Ayres alirudi Hollywood, na watu waliokuwa wamezifungia filamu zake wakazifungulia. Mwaka 1948 alicheza tena kama daktari, katika Johnny Belinda, daktari anayemfundisha msichana kiziwi lugha ya ishara, na jina lake likawekwa miongoni mwa wanaostahili tuzo ya mwigizaji bora. Hakuipata, aliipata Laurence Olivier. Baadaye alitumia miaka akizunguka na kamera katika mahekalu na misikiti ya mashariki ili awaonyeshe Wamarekani jinsi wengine wanavyomwabudu Mungu. Hapo mimi na yeye hatuendi njia moja hatua zote, lakini sina ugomvi naye.

Ila jambo moja la miaka ile ya baadaye linanigusa karibu sawa na lile la 1942. Televisheni ilipotaka kumfufua daktari Kildare katika mfululizo wa michezo, ilimwendea Ayres. Michezo ya namna hiyo ililipiwa na makampuni yenye matangazo, na miongoni mwao yalikuwa makampuni ya sigara. Ayres hakukubali kwamba mchezo unaohusu daktari, unaotazamwa na vijana, utangulizwe na tangazo la sigara. Hawakukubaliana, akaiacha kazi. Mfululizo ulianza mwaka 1961 na mtu mwingine, kijana Richard Chamberlain, akapata sifa nchi nzima, na ukaendelea mpaka mwaka 1966.

Tazameni tarehe hizo. Taarifa ile mashuhuri ya mganga mkuu wa Marekani juu ya madhara ya sigara ilitolewa mwaka 1964. Matangazo ya sigara katika televisheni yalikomeshwa kwa sheria mwanzoni mwa mwaka 1971. Mwaka ambao Ayres alikataa hapakuwa na sheria iliyomlazimu, wala umati wa kumtukana au kumshangilia. Hakuna aliyempa nyota. Tena hapakuwa na damu wala bendera, ambavyo humfanya mtu ajione anasimama mbele ya historia. Palikuwa na mkataba mezani na kalamu. Mimi naogopa kwamba wengi wetu, na najihesabu wa kwanza, tungeweza kuwa mashujaa kidogo siku ya vita, kisha tukaitia sahihi karatasi ile ya sigara bila kukosa usingizi.

Alifariki Los Angeles tarehe 30 Desemba 1996, siku mbili baada ya kutimiza miaka 88.

Kabla ya kuyatuma haya kwa mpiga chapa nilimwita kijana yule, nikamsomea yote barazani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Padre, na wale aliowafunga vidonda, walipopona walirudi kupigana?" Nikamwambia kwamba bila shaka wengine walirudi. Akanyamaza kitambo, akaniomba nimwazime karatasi hizi aende nazo nyumbani akamsomee babu yake.